UZI: Ugonjwa wa ini usio na dawa, na wagonjwa walioamua kujihesabu wenyewe

#1 Mdigo wa Muheza

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi, leo naanzisha uzi wangu wa kwanza. Mnivumilie, utakuwa mrefu.

Sijawahi kunywa pombe. Naanza na hilo kwa sababu kila nikitaja ugonjwa wa ini, macho ya mtu yanashuka kwenye tumbo langu, kisha yanapanda usoni, na najua anawaza nini. Kwetu Muheza togwa ikichacha mama alikuwa anaimwaga. Lakini mwaka 2016, nikiwa huku Minnesota, nilianza kujikuna. Hakuna upele, ngozi safi kabisa. Viganja, nyayo, na usiku ndiyo balaa lenyewe. Nikabadilisha sabuni, nikabadilisha mashuka. Mama kwa simu akasema ni damu chafu, nitafute mwarobaini. Zahanati ya kwanza niliyokwenda waliniuliza mara tatu nakunywa chupa ngapi kwa siku. Mara ya tatu nikatamani niwatajie mbili ili tusonge mbele. Ilipita miezi tisa ndipo mtu akafikiria kunipiga MRI ya mirija ya nyongo.

Kwa ufupi: ini linatengeneza nyongo, na nyongo inashuka kwenda kwenye utumbo kwa mirija iliyotawanyika kama matawi ya mti. Ugonjwa wangu unaivimbisha mirija hiyo na kuitia makovu. Hapa inabana, pale inapanuka, na kwenye picha inaonekana kama shanga zilizotungwa. Nyongo ikikwama, ini linaharibika polepole. Jina refu la kidaktari, primary sclerosing cholangitis, linauma ulimi, wenyewe tunauita PSC. Neno la kwanza katika jina hilo ukilitafsiri ni "ya msingi". Nikafurahi, nikadhani ni kama shule ya msingi, yaani niko hatua ya chini. Daktari akanisahihisha: maana yake ni kwamba chanzo hakijulikani.

Wengi wetu safari inaishia kwenye kupandikizwa ini jingine, na hata hilo jipya ugonjwa unaweza kulifuata. Tena kuna hatari ya saratani ya mirija yenyewe. Wapenzi wa mpira wa Wamarekani wanamkumbuka Walter Payton wa Chicago Bears, mtu mweusi mwenzetu, chuma cha mtu. Februari 1999 alitangaza kwamba anaugua PSC na anahitaji ini. Saratani ikamuwahi, akafariki tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 45.

Sasa sikuja hapa kulia. Nilitaka niwaeleze jinsi watu wenye ugonjwa ambao hata madaktari wengi hawajauona walivyoamua kuusukuma utafiti wenyewe. Nasikilizia kwanza kama kuna watu humu, nikirudi kutoka kazini naendelea.

#2 Kijiwe cha Kahawa

Mkuu tiririka, tumeshakaa siti za mbele. Hiyo ya kutamani kuwatajia chupa mbili nimecheka mpaka nikaona aibu.

#3 Tabibu Asili

Pole sana ndugu. Ninayo dawa ya kusafisha ini na nyongo, siku 21 tu unarudi kama ulivyozaliwa. Njoo faragha.

#4 Sista Roza

Tabibu Asili, acha. Mimi ni muuguzi wa wodi. Nimepokea watu walioharibu ini na figo kwa hizo "safisha" zenu, na waliofika walikuwa wazima kabla ya kuzinywa. Mtu amekwambia mirija ina makovu. Unasafisha kovu kwa majani?

Mdigo, endelea kaka.

#5 Mdigo wa Muheza

Ahsante Sista. Nimerudi.

Kero ya ugonjwa adimu ni hesabu. Hata kaskazini mwa Ulaya, ambako PSC inaonekana zaidi, wagonjwa ni wachache sana katika kila watu 100,000. Daktari wa kawaida anaweza kustaafu ameona wawili. Mtafiti akitaka wagonjwa 200 wa kujaribu dawa, atawatoa wapi? Kampuni ikipiga hesabu inaona soko dogo, inageuka. Na kwa kuwa hakuna utafiti, hakuna anayejua ugonjwa unakwendaje. Na kwa kuwa hakuna anayejua unakwendaje, hakuna anayeweza kupima kama dawa inausimamisha. Mnaona mduara huo?

Mwaka 2004 mama mmoja wa Colorado, Ricky Safer, aliambiwa ana PSC. Mwaka uliofuata yeye na familia yake wakaanzisha chama, PSC Partners Seeking a Cure. Mwanzoni ilikuwa ni kutafutana tu: wewe unajikuna, mimi najikuna, tukutane. Wakawa na mkutano wa kila mwaka, wagonjwa na madaktari wa ini kwenye ukumbi mmoja. Nilipohudhuria mara ya kwanza nilikaa meza ya watu wanane, na katikati ya mada nikaona sita tunajikuna mikono bila kujijua. Miaka yote nilikuwa nikijikuna chooni ili watu wasinione. Siku ile nilijikuna kama niko kwetu.

Lakini hawakuishia kwenye kufarijiana. Michango ya familia, mbio za hisani, vijisenti vya huku na huku, wakaanza kuvitoa kama ruzuku kwa watafiti. Si fedha za kumaliza kazi, ni za kuanzia, ili mtafiti kijana apate matokeo ya awali ya kwenda kuombea fedha kubwa serikalini. Halafu mwaka 2014 wakafungua kile ninachokiona kuwa ndiyo kazi yao kubwa: rejista ya wagonjwa. Unajiandikisha mwenyewe, unajibu maswali kuhusu ugonjwa wako, ulianza lini, una vidonda vya utumbo au huna, unatumia dawa gani, unawashwa kiasi gani, na unarudi kila baada ya muda kusema kilichobadilika. Watafiti wakihitaji watu wa aina fulani, chama kinawatumia ujumbe wanaohusika, na kila mtu anaamua mwenyewe. Mwenye rejista ni chama cha wagonjwa, siyo kampuni ya dawa wala hospitali.

Uingereza wana chama chao, PSC Support, nacho kimesimama pamoja na watafiti wa huko kwenye kukusanya wagonjwa. Norwei kituo cha utafiti wa PSC kilifunguliwa Oslo mwaka 2008 kwa mchango wa tajiri mmoja wa biashara, na kutokea huko madaktari wa nchi nyingi wakaunda kundi la kimataifa mwaka 2010.

#6 Mchambuzi Huru

Hadithi tamu, ila mkuu naona mnatumika. Mnajaza fomu bure, mnatoa damu bure, kesho kampuni inapata dawa inawauzia kwa bei ya gari. Na ninyi ndio mnapiga makofi mkutanoni.

#7 Mdigo wa Muheza

Mchambuzi, hujakosea sana. Marekani wana sheria ya dawa za magonjwa adimu tangu 1983, inayompa mtengenezaji miaka saba ya kuuza peke yake. Bila sheria hiyo wasingegusa magonjwa yetu, na kwa sababu ya sheria hiyo bei zake ni za kutisha. Yote mawili ni kweli.

Ila nikusimulie kisa kimoja, kisha uniambie kama bado unaona fomu ni kazi bure.

Kuna dawa inaitwa urso. Jina limetokana na dubu, maana asidi hiyo ilijulikana kwanza kwenye nyongo ya dubu (siku hizi inatengenezwa kiwandani, dubu wapumzike). Ndugu zetu wenye PBC, ugonjwa mwingine wa mirija ya nyongo unaowapata zaidi wanawake, inawasaidia kweli. Ikafikiriwa kwamba sisi labda tunahitaji dozi kubwa zaidi. Madaktari wakiongozwa na Keith Lindor wa hospitali ya Mayo, hapa hapa Minnesota, wakachukua wagonjwa 150, nusu wakapewa dozi kubwa na nusu vidonge visivyo na dawa. Vipimo vya damu vya waliopewa dawa vikawa vizuri. Vimeng'enya vya ini vikashuka, kila mtu anatabasamu. Lakini walipohesabu waliokufa, waliohitaji ini jipya na waliofikia hali mbaya, kundi la dawa lilikuwa baya kwa zaidi ya mara mbili. Jaribio likasimamishwa, matokeo yakachapishwa 2009.

Damu nzuri, mtu hali mbaya. Mimi kisa hicho kilininyima usingizi kuliko kuwashwa, kwa sababu hata leo naenda kliniki, natazama karatasi ya vipimo, namba zimeshuka, nafurahi, halafu najiuliza nafurahia nini hasa.

Ndiyo maana rejista ina thamani. Ugonjwa huu unakwenda kwa miaka 10, 20, kwa kupanda na kushuka wenyewe. Vimeng'enya vyangu vinaweza kushuka mwezi huu bila dawa yoyote. Usipokuwa na maelfu ya watu uliowafuata kwa miaka, huwezi kujua kipi ni dawa na kipi ni bahati. Lile kundi la kimataifa lilipokusanya kumbukumbu za wagonjwa 7,121 kutoka hospitali 37 za nchi 17, ndipo tulipopata picha inayoeleweka: kiasi cha asilimia 70 wana ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, hasa vidonda vya utumbo mpana, wanaume ni kama theluthi mbili, na umri wa kuanza unabadilisha mwenendo wa ugonjwa. Hiyo ilitoka 2017.

Na hapo Mchambuzi ndipo ninapokasirika, ila kwa sababu tofauti na yako. Hospitali zile zote 37 ziko Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia. Afrika hata moja. Kwa hiyo wewe unaogopa kutumika, mimi naogopa kutohesabiwa.

#8 Mchambuzi Huru

Hapo kwenye 7,121 umenishika. Naendelea kusoma, sijakubali yote.

#9 Mama Swaleh

Assalamu alaykum. Niko Mombasa. Nimeusoma uzi huu mara mbili na moyo wanidunda. Mwanangu ana miaka 14. Mwaka jana alipatikana na vidonda vya utumbo mpana, akienda choo kwatoka damu. Alhamdulillahi kwa dawa amepata nafuu. Lakini vipimo vya ini viko juu, hicho cha ALP kimewekewa alama nyekundu mara tatu mfululizo. Nikiuliza naambiwa ni dawa, vitashuka. Kaka Mdigo, hili laweza kuwa ndilo?

#10 Sista Roza

Wa alaykum salaam mama. Naomba nitangulie kabla ya kaka. Usitishike bado, kwa sababu mbili. Kwanza, wenye PSC wengi wana vidonda vya utumbo, lakini wenye vidonda vya utumbo wengi hawana PSC, wanaoipata ni wachache. Pili, mtoto wa miaka 14 anarefuka, na ALP inatoka pia kwenye mifupa inayokua. Kwa watoto hicho kipimo kinadanganya. Muombe daktari apime GGT, kipimo kingine cha ini, hiyo haichanganywi na mifupa. Ikiwa nayo iko juu, hapo omba kwa msisitizo MRI ya mirija ya nyongo. Usiseme "naomba kama inawezekana". Sema "nataka kujua kwa nini haijapimwa".

#11 Mdigo wa Muheza

Sista umemaliza. Mama Swaleh, fuata hivyo hivyo. Na ukifika kwa daktari nenda na karatasi zote tatu zenye alama nyekundu, zipange kwa tarehe. Daktari anaweza kulipuuza neno la mama, ila karatasi tatu zilizopangwa mezani ni ngumu kuzipita.

#12 Kijiwe cha Kahawa

Tukimsubiri mama, mimi nina swali la kijinga. Kujaza fomu kumewahi kugundua kitu gani hasa? Si MRI, si maabara. Fomu.

#13 Mdigo wa Muheza

Swali lako si la kijinga, na kwa jina lako utalipenda jibu. Norwei waliwapa wagonjwa na watu wasio na ugonjwa huu dodoso la maisha ya kawaida, likachapishwa 2014. Likaonyesha wenye PSC walikuwa wanywaji wachache wa kahawa kuliko wenzao, tangu ujanani. Sigara pia, tumekuwa wavutaji wachache. Hakuna anayesema kahawa inakinga, na kabla hujaniuliza, hapana, sigara si dawa. Lakini swali la kikombe limewapa watafiti mlango wa kuchungulia.

Wengine walichungulia kwenye jeni. Mwaka 2013 walipima wagonjwa karibu 3,800 wakapata maeneo tisa mapya ya jeni yanayohusika, mengi ya kinga ya mwili. Wajapani nao, 2019, walichukua kinyesi cha wagonjwa wakakiingiza kwenye panya wasio na vijidudu tumboni, wakaona bakteria fulani, Klebsiella, anatoboa ukuta wa utumbo na kulichokoza ini. Kwa hiyo hata kile unachokivuta kwa maji kila asubuhi kuna mtu anakihitaji.

#14 Nahodha Mstaafu

Mkuu nimesoma mahali kuna antibayotiki inayotibu hiyo kitu kwa watoto. Vanko nini sijui. Kwa nini hamuitumii?

#15 Mdigo wa Muheza

Vankomaisini ya kunywa. Hiyo ndiyo vita yetu ya ndani, Nahodha, na nakwambia wagonjwa wamegombana mpaka wakafutana urafiki.

Mwaka 1998 daktari wa watoto huko California aliandika kuhusu watoto watatu waliopata nafuu kwa dawa hiyo. Watatu. Wazazi wakaambiana, mmoja akampa mwenzake, wengine wakaona mabadiliko makubwa, wengine hawakuona kitu. Kwa miaka mingi kila kundi la wazazi lilikuwa na pande mbili: wanaosema mnatunyima dawa, na wanaosema kumbuka urso, kumbuka damu nzuri mtu hali mbaya. Mimi niko upande wa pili, ila sina mtoto anayeugua, kwa hiyo sipigi kelele. Kilichonifurahisha ni kwamba ugomvi wenyewe umezaa kitu. Wazazi walidai majaribio ya kweli, yenye kundi la kulinganisha, na majaribio yameanzishwa. Msinunue wenyewe dukani. Antibayotiki hiyo ni akiba ya hospitali kwa wadudu sugu.

Na tarehe 23 Oktoba 2020, katikati ya korona, chama kiliitisha kikao kwa mtandao na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Siku hiyo madaktari walinyamaza, wagonjwa wakazungumza. Watu wakaeleza uchovu ambao hauondoki kwa kulala, kuwashwa, akili kuwa na ukungu, na kule kuishi bila kujua kesho. Mamlaka ile ilikuwa imezoea kuuliza vimeng'enya vimeshuka kwa kiasi gani. Mgonjwa naye akasema: mimi nataka kulala usiku. Nilisikiliza nikiwa nimeegesha gari pembeni ya barabara, nikiwa zamu.

Majaribio ya dawa yanaendelea. Mei 2025, kwenye mkutano wa madaktari wa ini wa Ulaya kule Amsterdam, timu ya Michael Trauner wa Vienna ilitoa matokeo ya hatua ya tatu ya dawa iliyo binamu wa urso, na safari hii hawakuangalia damu peke yake, waliangalia na vipande vya ini vyenyewe. Ni matokeo mazuri. Sijaruka juu bado. Nina miaka yangu kumi ya kujifunza kutoruka.

#16 Mchambuzi Huru

Swali la mwisho, na nauliza kwa nia njema. Mtu wa Tandahimba au Kakamega asiye na MRI karibu, rejista yako ya Colorado inamsaidia nini?

#17 Mdigo wa Muheza

Leo, kidogo sana. Inapokea watu walio nje ya Marekani, lakini ni ya Kiingereza, inataka intaneti, na inataka uwe umeshajulikana una nini. Kwetu shida inaanza kabla ya hapo. Hepatitisi B ni nyingi, kichocho kipo, pombe ipo, kwa hiyo mwenye ini bovu anawekwa kwenye moja ya makapu hayo na faili linafungwa. Sijui ni wangapi wamezikwa wakiitwa walevi.

Ninachofanya mimi ni kidogo. Tuna kikundi cha WhatsApp cha wanaozungumza Kiswahili, tupo sita, wawili Kenya, mmoja Muscat, sisi wengine huku. Natafsiri maswali ya fomu, mtu anajibu kwa sauti, ninamsaidia kuingiza. Kuna swali moja la aina ya kuwashwa lilitushinda wiki nzima. Kiingereza kina neno moja, sisi tukabishana: ni mwasho, ni mnyeo, au ni ule wa kama wadudu wanatembea chini ya ngozi? Tukaamua kuyaandika yote matatu.

#18 Sista Roza

Mnyeo ndio wenyewe. Mwasho ni wa upupu.

#19 Kijiwe cha Kahawa

Sista, kwetu Pemba ni kinyume. Tuishie hapo kabla uzi haujahamia jukwaa la lugha.

#20 Mama Swaleh

(Wiki saba baadaye)

Assalamu alaykum nyote. Niwieni radhi kwa kimya. GGT ilitoka juu sana. Nilizipanga zile karatasi mezani kama ulivyoniambia kaka, na daktari, Mungu amlipe, hakubisha. MRI tulikwenda kuifanyia Nairobi. Ni shanga. Nilipoiona picha nilizijua kabla hajanieleza.

Nimelia, nimemaliza. Jana usiku kaka Mdigo amenipigia, tumeijaza ile fomu kwa saa mbili, mimi nikiwa mzazi, na Swaleh kando yangu. Tukafika kwenye swali la kuwashwa kulianza lini. Mimi nikajibu miezi mitatu. Swaleh akasema, "La, mama, tangu darasa la tano." Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akasema aliniambia. Nami nakumbuka sasa, nilitoa magodoro yote nje juani nikayamwagia dawa ya kunguni.

Tumeandika darasa la tano.

#21 Mdigo wa Muheza

Karibu, mama. Tupo saba na Swaleh.

#22 Mchambuzi Huru

Mdigo, nina mpwa wangu anafanya kazi chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, hospitali moja ya mkoa. Nitumie hayo maswali yaliyotafsiriwa. Siahidi kitu.